Mota ya umeme ikikosea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupima hatari za usalama

Ukurasa huu ni wa wanaobuni, wanaofunga na wanaosuka mota za pikipiki, bajaji na magari ya umeme huku kusini. Maswali yametoka kwa mafundi wa Mtwara mjini, Mikindani, Masasi na Newala, na kwa vijana wanaokuja karakana kwa mafunzo kwa vitendo. Hayakupangwa kama kitabu. Yanayoulizwa sana yamewekwa mwanzo, na majibu mengine ni mafupi kwa sababu hayahitaji zaidi.

Mota ni chuma, sumaku na waya wa shaba. Hatari yake iko wapi? Si betri ndiyo inayowaka?

Betri inawaka, na video yake inazunguka simu zote kabla moto haujazimwa. Mota hufanya madhara yake bila moshi. Inaweza kusukuma chombo wakati dereva hajaomba, kusukuma kuliko alivyoomba, kukata nguvu katikati ya kulipita lori, kufunga gurudumu ghafla, au kusukuma kinyume. Inaweza pia kumpiga fundi shoti chombo kikiwa kimezimwa, au kuchemka mpaka ikaunguza kilicho jirani yake.

Angalia orodha hiyo: haina jina la kipuri hata kimoja. Ni mambo ambayo mtu aliyekaa kwenye kiti au anayevuka barabara atayahisi. Tathmini ya hatari huanzia hapo.

Kwa hiyo nisianze na vipuri? Mimi nilishaandika orodha ya kila kinachoweza kuharibika.

Itunze, utaihitaji baadaye. Ila ukianza na vipuri utatumia wiki nzima kujadili beringi na usifike kwenye swali la nani ataumia. Anza na tabia mbaya ya chombo, iweke kwenye mazingira halisi ya barabara, kisha uulize matokeo. "Gurudumu la nyuma limejifunga" pekee yake haina uzito unaopimika. "Gurudumu la nyuma limejifunga bajaji ikiteremka kutoka Newala kwenda Masasi ikiwa na abiria watatu na gunia la korosho" inapimika.

Ukishajua tukio lipi halikubaliki, ndipo unarudi kwenye orodha yako kutafuta ni kipuri gani, waya gani au mstari gani wa programu unaoweza kulileta. Njia hii ya kushuka kutoka tukio kwenda vyanzo, kwa kuchora mti wa hitilafu, ilibuniwa mwaka 1962 katika maabara za Bell huko Marekani kwa ajili ya makombora ya Minuteman. Inafaa bajaji vilevile.

Napimaje sasa? Kuna hesabu?

Ipo, na haihitaji kikokotoo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 26262, kilichotoka mwaka 2011 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2018, kinatumia mambo matatu.

La kwanza ni ukubwa wa madhara, S. S1 ni majeraha madogo au ya wastani, S2 ni majeraha makubwa ambayo mtu huenda akapona, S3 ni ya kutishia uhai au kuua. La pili ni E, yaani dereva anajikuta mara ngapi kwenye mazingira hayo: E4 ni zaidi ya asilimia 10 ya muda wa kuendesha, E3 ni kati ya asilimia 1 na 10, E2 ni chini ya asilimia 1, E1 ni nadra sana. La tatu ni C, uwezo wa dereva na walio karibu kuokoa hali. C1 maana yake watu 99 au zaidi kati ya 100 wataweza, C2 ni 90 au zaidi, C3 ni chini ya hapo.

Kiwango chenyewe kina jedwali, lakini mafundi wengi hujumlisha namba tu na jibu linatoka lilelile. Jumla ya 10 ni daraja D, ambalo ndilo kali kuliko yote. 9 ni daraja C, 8 ni B, 7 ni A. Chini ya hapo inatosha usimamizi wa kawaida wa ubora. Sifuri yoyote, yaani S0, E0 au C0, inakutoa kwenye jedwali.

Turudi kwenye ile bajaji. Gurudumu kujifunga kwenye mteremko ni S3 na C3, sioni mjadala. Kwa dereva wa Newala anayepanda na kushuka kila siku, mteremko ni E4, jumla 10, daraja D. Kwa dereva anayezunguka Mtwara mjini tu, ambako ni tambarare, unaweza kusema E2, jumla 8, daraja B. Mota ni ileile. Lakini bajaji ikishauzwa humfuati mteja nyumbani kwake, kwa hiyo mbunifu anachukua namba ya Newala.

Hitilafu hii haijawahi kutokea hapa kwetu. Kwa nini niipe E4?

Hapa ndipo wengi wanateleza, wakiwemo wahandisi wenye vyeti. E haipimi hitilafu inatokea mara ngapi. Inapima mazingira: mteremko, mvua, soko lililojaa watu, mchanga wa njia ya Msimbati. Kwenye hatua hii unachukulia kwamba hitilafu imeshatokea, ukiuliza tu imemkuta dereva wapi.

Sababu yake ni ya msingi. Ukiruhusu "haijawahi kutokea" iingie kwenye hesabu mapema, kila mbunifu atajipa alama nzuri kwa kazi ambayo bado hajaifanya. Uwezekano wa kipuri kufa unapimwa baadaye, kwa vipimo, baada ya daraja kukuambia unatakiwa uwe mkali kiasi gani.

Nikigundua hitilafu, si nakata umeme tu? Mota imezimwa, hatari imekwisha.

Jibu hili tutalirefusha, kwa sababu wazo hilo ndilo tunalokutana nalo zaidi na ndilo linaloharibu usanifu mwingi.

Mota ya sumaku za kudumu haizimwi na swichi. Ilimradi rota, ile sehemu ya mota inayozunguka, inazunguka, sumaku zinapita mbele ya koili na umeme unazalishwa, na kiasi chake kinapanda sambamba na kasi. Chukua mota inayozalisha volti 70 kwa kilomita 60 kwa saa. Iache iteremke mpaka 90, unapata volti 105. Ikiwa transista (swichi za umeme) za kontrola, kile kifaa kinachotawala mkondo wa mota, zimepimwa kwa volti 100, umeshavuka.

Wakati betri imeunganishwa, umeme huo ukizidi volti ya betri hupita kwenye diodi (kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndani ya kontrola na kuingia betrini, iwe uliagiza au hukuagiza. Dereva atahisi chombo kinajivuta kama kimekanyagwa breki. Betri ikiwa imekatwa, umeme hauna pa kwenda, volti inapanda kwenye kapasita, kipuri kinachohifadhi chaji ndani ya kontrola, na transista zinakufa. Transista ikifa, mara nyingi inakufa ikiwa imeunganika pande zote. Koili za mota zinakutana zenyewe kwa zenyewe na gurudumu linaanza kupinga kuzunguka. Kwa hiyo "nilizima ili iwe salama" imezaa kile kile ulichokikimbia kwenye mteremko.

Wabunifu wa magari hutumia njia mbili na kuchagua kwa kasi. Kwenye kasi ndogo wanafungua transista zote, mota inazunguka huru. Kwenye kasi kubwa wanaunganisha nyaya tatu za mota kwa makusudi kupitia transista za upande mmoja. Hapo mkondo unazunguka ndani ya mota, volti haipandi, na nguvu ya kufunga breki ni ndogo. Ukifanya hivyo kwenye kasi ndogo, breki inakuwa kali. Mpaka kati ya njia hizo mbili unapimwa kwa mota yako mwenyewe, huwezi kuuazima kwa jirani. Na koili pamoja na sumaku lazima zivumilie huo mkondo na joto lake mpaka chombo kisimame.

Mota isiyo na sumaku, kama ile ya induksheni iliyokuwa kwenye Tesla Model S ya mwaka 2012, ina tabia nyingine: ukikata mkondo, usumaku wa rota unakufa na umeme haupandi. Kwenye Model 3, mwaka 2017, kampuni hiyohiyo iliweka mota ya sumaku nyuma, kwa ufanisi wake. Tathmini ya hatari haikuambii uchague ipi. Inakuambia utakacholazimika kulipa kwa kila uchaguzi.

Nachaji usiku Newala, asubuhi nashuka Masasi. Karibu na chini umeme unakata wote. Betri mbovu?

Huenda betri ndiyo pekee iliyofanya kazi yake. Umeanza safari imejaa pomoni, na kontrola inayorudisha chaji wakati wa kuteremka inataka kuisukumia zaidi. Saketi ya kulinda betri inaona volti imezidi, inajifunga. Hapo umefika kwenye hali tuliyoieleza juu: betri imekatwa, mota inazalisha, chombo kinashuka.

Mbunifu anatakiwa alijue hili mezani. Kurudisha chaji kupunguzwe betri ikiwa imejaa, kontrola ipimwe kwa volti ya mteremko na si ya tambarare, na breki za kawaida ziweze kusimamisha chombo kilichojaa bila msaada wa mota. Kwa sasa, wewe usijaze betri mpaka juu kama safari yako inaanza kwa kushuka.

Pikipiki ya jamaa ilichomoka yenyewe pale stendi. Imewezekanaje?

Hatukuiona hiyo pikipiki, ila waya wa kwanza kushikwa ni wa eksileta. Eksileta za aina hii zina nyaya tatu: volti 5, ethi, na waya wa ishara ambao kwa kawaida unacheza kati ya volti 0.8 ukiachia na 4.2 ukivuta mpaka mwisho. Waya wa ethi ukikatika, ishara inaweza kupanda kuelekea volti 5. Kontrola isiyo na akili inasoma hivyo kama mkono umevutwa wote.

Kinga yake ni rahisi kuliko dawa yake. Kontrola ikatae ishara iliyo nje ya mipaka, juu na chini. Ikatae kuondoka kama eksileta imevutwa wakati wa kuwasha. Swichi ya breki ikate nguvu ya mota hata eksileta ikisema vingine. Kwenye magari hufungwa sensa mbili katika pedali moja, ya pili ikitoa mathalani nusu ya volti ya ya kwanza, na zisipokubaliana gari linapunguza nguvu. Ukiweka sensa mbili zinazofanana kabisa na zinazotumia ethi moja, waya mmoja ukikatika unazidanganya zote mbili, na umelipia sensa ya pili bure.

Joto linaingiaje kwenye usalama? Mota ikiungua si hasara ya mwenye chombo tu?

Ingekuwa hivyo kama ingeungua imeegeshwa.

Joto kwenye koili linakwenda na mraba wa mkondo: mkondo ukiwa mara mbili, joto mara nne. Shaba nayo ikipata moto inapinga zaidi. Kutoka nyuzi 20 hadi 120, upinzani unaongezeka kwa takribani asilimia 39, kwa hiyo mkondo uleule unazalisha joto zaidi kuliko ulivyoanza. Pikipiki iliyopakia mishikaki ikikwama kwenye mchanga wa Msimbati, gurudumu halizunguki lakini mkondo uko juu kabisa. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa mota, na ndiyo ambayo kipimo cha karakana, gurudumu likiwa hewani, hakitaionyesha kamwe.

Ihamu ya waya, yaani ganda linalozuia umeme kuvuja, ina madaraja: F ni nyuzi 155, H ni 180. Kanuni ya zamani ya mafundi inasema kila nyuzi 10 za ziada hupunguza umri wa ihamu kwa nusu. Sumaku za neodimiamu nazo zina mipaka yake. Za kawaida huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80, zenye alama SH hufika 150, UH 180. Sumaku iliyopungua haikurudii ikipoa. Chombo kinaomba mkondo mkubwa zaidi kwa nguvu ileile, na mduara unaendelea.

Sensa ya joto je? Zile ambazo upinzani wake unashuka joto likipanda zina mtego: waya ukikatika, upinzani unakuwa mkubwa mno na kontrola inasoma baridi kali. Mota inaungua huku skrini ikisema kuna barafu. Mtwara haijawahi kufika nyuzi 40 chini ya sifuri na haitafika mwaka huu, kwa hiyo programu ikisoma hivyo iseme sensa imekufa na ipunguze nguvu.

Mota yangu imeandikwa IP67. Naweza kuivusha kwenye maji ya bahari?

IP67 maana yake imezamishwa kwenye maji kwa kina cha mita 1 kwa dakika 30 bila maji kuingia kwa madhara. Kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu chumvi. Kutu hupimwa kivyake, kwa ukungu wa maji yenye chumvi asilimia 5 kwenye nyuzi 35, kwa ISO 9227. Muulize muuzaji hicho, na muulize ni kwa saa ngapi.

Kingine: mota iliyotoka kupanda kilima ina hewa ya moto ndani. Ukiiingiza kwenye maji, hewa inasinyaa, kama chupa ya plastiki iliyofungwa ikiwa na moto inavyojikunja ikipoa, na inavuta maji kupitia sili ya ekseli au pale nyaya zinapoingilia. Ndiyo maana mota nzuri huwa na kipumulio kinachopitisha hewa na kuzuia maji.

Kwa wanaovusha pikipiki kwenda Msanga Mkuu, au wanaolala na vyombo vyao uwanjani Mikindani, tunaogopa zaidi konekta za sensa za Hall kuliko mota yenyewe. Sensa hizo tatu ndizo zinazoiambia kontrola rota iko wapi. Pini moja ikiota ukungu wa kijani, mota inaanza kusukuma kwa kutikisika, au dereva akiondoka inasita na kujirudi. Kwenye jedwali lako hilo ni "nguvu isiyo sahihi wakati wa kuondoka", na mbele ya kituo cha daladala kuna watoto wa shule.

Volti ngapi inaua?

Viwango vya magari vinaweka mpaka kwenye volti 60 za umeme mnyoofu (DC) na 30 za umeme geu (AC). Chini ya hapo kinga ya mguso hailazimishwi. Juu ya hapo kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 100 inataka ihamu isiyopungua omu 100 kwa kila volti upande wa umeme mnyoofu na omu 500 upande wa umeme geu. Pikipiki ya volti 72 imeshavuka mpaka, jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Na kumbuka mota ya sumaku ikizungushwa ina umeme: usishike nyaya zake tupu gurudumu likiwa linazunguka.

Fomu yetu inazidisha ukubwa, utokeaji na ugunduzi, halafu tunaanza na namba kubwa. Ni sawa?

Ndivyo tulivyofundishwa wengi, na ina tundu. Hitilafu ya kuua, isiyotokea mara nyingi na inayogundulika kirahisi, inapata 10 × 2 × 2, yaani 40. Kelele ya beringi inapata 4 × 5 × 5, yaani 100. Timu inashughulika na kelele. Mwongozo wa pamoja wa viwanda vya magari vya Marekani na Ujerumani, wa mwaka 2019, uliacha kuzidisha na kuweka jedwali la kipaumbele ambalo linatazama ukubwa kwanza. Fomu yako ibadilishe hivyo, haigharimu kitu.

ISO 26262 ni sheria? Inahusu pikipiki?

Yenyewe si sheria. Toleo la 2011 lilihusu magari ya abiria yasiyozidi kilo 3,500. La 2018 liliongeza malori, mabasi na pikipiki, ingawa si mopedi. Kwa pikipiki daraja unalolipata linashushwa hatua moja. Bajaji haikutajwa kwa jina, na sisi tunaipima kama gari kwa sababu ya abiria.

Gurudumu limekuwa zito kusukuma. Ni mota au kontrola?

Zima, tenganisha betri, subiri kapasita zimalize chaji. Zungusha gurudumu kwa mkono. Kama ni zito na linaruka kwa hatua hatua, chomoa nyaya tatu nene za mota, uhakikishe hazigusani, uzungushe tena. Likiwa jepesi, transista za kontrola zimeungana. Likibaki zito vilevile, tatizo liko ndani ya mota: koili zimeshikana au beringi imekwisha. Likiwa zito, usilijaribu barabarani "kidogo tu".

Mota iliyosukwa upya inahitaji tathmini mpya?

Ikiwa waya, idadi ya mizunguko na vanishi ni vilevile, kagua ihamu na joto, inatosha. Ukipunguza mizunguko ili ikimbie zaidi, umebuni mota nyingine: mkondo, joto na kasi ya juu vimebadilika. Sensa ya joto irudishwe ndani ya koili palepale ilipokuwa, isiachwe ikining'inia kwenye hewa.

Nataka kutoa betri ya volti 60 niweke ya 72. Mota inakubali, nimejaribu.

Inakubali kuzunguka. Kasi ya juu inapanda kwa takribani asilimia 20, na nguvu iliyobebwa na mwendo, ile ambayo breki zinatakiwa kuimaliza, inapanda kwa asilimia 44. Mota za viwandani hupimwa kwa mara 1.2 ya kasi yake ya juu kwa dakika 2 ili kuona rota haipasuki. Kwa hiyo, hata kama yako iliwahi kupimwa hivyo, akiba yote umeigeuza kuwa mwendo wa kila siku, na sumaku zilizogandishwa kwa gundi sasa zinashikilia mwisho wa uwezo wake. Kagua pia volti ya transista na ya kapasita, maana betri ya 72 ikijaa huwa juu ya 80, kabla mteremko haujaongeza wake. Ukishamaliza hayo, rudi kwenye jedwali na uanze upya na kila mstari wenye neno "kasi". Breki za ngoma zilizokuja na chombo zilipangiwa mwendo wa zamani, kwa hiyo mstari wake ndio wa kwanza kuandikwa.